Programu ni ya bure, lakini wanaoitunza wanachoka

Mwanzo wa kila mwezi, katika vituo vya afya vya mji wetu wa Likasi, toka Kikula mpaka Panda na Shituru, kuna kazi moja ambayo wagonjwa hawaioni. Infirmier titulaire, yule ambaye sisi wote tunamuita IT, anafungua rejista na kuanza kuhesabu: wangapi waliugua malaria, wamama wangapi walizaa, watoto wangapi walipata chanjo, wangapi walikuja na kuharisha. Karatasi zinakwenda kwenye ofisi ya zoni ya afya, na kule kuna mtu anayekaa mbele ya kompyuta akiingiza hesabu moja moja, mara nyingine usiku, juu mchana umeme ulikatwa. Wakati kipindupindu kinapoanza kutembea Katanga, na sisi tunajua kwamba hakikawii kurudi, ni kwa hesabu za namna hiyo wakubwa wa afya wa Lubumbashi na wa Kinshasa wanapata kuona kwamba mahali fulani watu wameanza kuugua kuliko kawaida.

Programu inayopokea hesabu hizo inaitwa DHIS2. Ni programu huria: mistari yake yote iko wazi, kila mtu anaweza kuisoma, kuitumia bila kulipa, hata kuibadilisha. Inatengenezwa kwenye Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, lakini mizizi yake iko Afrika Kusini, katika kazi iliyoanza miaka ya 1990 baada ya utawala wa ubaguzi kuanguka. Leo wizara za afya za nchi zaidi ya 70 zinaitumia. Jirani zetu wa Zambia wanayo, Tanzania wanayo, Rwanda, Uganda na Kenya vilevile.

Sasa, kila mara programu hiyo ao nyingine ya namna yake inapokwama, nasikia maneno yaleyale: «Kintu ya bule haina mwenyewe.» Yanasemwa ofisini, yanasemwa mashuleni, yanasemwa hata na wanafunzi wa informatique ambao wangepaswa kujua zaidi. Mimi nakataa maneno hayo. Kitu cha bure kina mwenyewe. Mara nyingi ni mtu mmoja ao wawili, mara nyingi hawalipwi, na mara nyingi wamekwisha kuchoka kiasi kwamba wanafikiri kuacha. Namna tunavyowaandikia, ao tunavyokataa kuwaandikia, ni sehemu ya uchovu wao.

Wacha nieleze kwa nini jambo hili linatuhusu sisi watu wa Likasi, tulio mbali na Oslo.

Kuna mtu wa Ufini anayeitwa Lasse Collin. Kwa miaka mingi alitunza karibu peke yake programu ndogo inayoitwa XZ Utils. Kazi yake ni kubana mafaili yapungue ukubwa. Hakuna anayeizungumza, lakini iko ndani ya karibu kila seva inayotumia Linux, na seva za Linux ndizo zinazobeba benki, mitandao ya telefone na wizara. Collin alikuwa anaifanya bila mshahara, kisha kazi zake nyingine. Mwaka 2022 watu fulani walianza kumuandikia kwa ukali. Mbona matoleo mapya yanachelewa? Mbona hujibu? Kama umechoka, mpe mwingine! Collin akawajibu kwa adabu: hajapoteza hamu ya kazi, lakini uwezo wake umepungua kwa sababu ya shida za afya ya akili za muda mrefu, na wasisahau kwamba hii ni kazi ya kujitolea isiyolipwa.

Fikiria mtu anasema hivyo mbele ya watu wote. Hapa kwetu, mtu akisema amechoka akilini, wengi watacheka, wengine watamtafutia mchungaji wa kumuombea. Wale waliomuandikia hawakufanya hata hayo. Walizidisha.

Pembeni yake alikuwako msaidizi mmoja, mpole, mvumilivu, mwenye kujibu haraka, aliyejiita Jia Tan. Kidogo kidogo akapewa funguo za nyumba. Februari 2024 toleo namba 5.6.0 likatoka, na ndani yake mlikuwa na mlango wa siri ambao ungempa yeye uwezo wa kuingia katika seva za watu. Hakuna polisi aliyeugundua, wala kampuni kubwa ya usalama. Aliyeugundua ni fundi mmoja, Andres Freund, aliyeona kwamba kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa karibu nusu sekunde kuliko kawaida. Akafuata nusu sekunde hiyo mpaka mwisho, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Toleo lile lilikuwa limefika hasa katika Linux za majaribio, lilikuwa bado kusambaa pote.

Mpaka leo mwenye jina la Jia Tan hajulikani, na majina ya wale waliokuwa wakimsukuma Collin yanaonekana kuwa ya uongo vilevile. Maana yake ni kwamba mtu alikaa, akapanga, akaona kwamba njia nyepesi ya kuingia katika mashine za dunia ni kumchosha mzee wa nyumba mpaka atoe ufunguo mwenyewe. Ukali wa maneno ulikuwa chombo cha kazi. Na chombo kile kilipita bila kuonekana, kwa sababu matusi kwa watunzaji ni jambo la kila siku. Sauti ya adui ilifanana kabisa na sauti ya mteja wa kawaida.

Visa vya namna hiyo si kimoja. Mwaka 2014 kasoro iliyoitwa Heartbleed ilitikisa usalama wa intaneti, na ndipo watu wakagundua kwamba OpenSSL, iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya siri duniani, ilikuwa inapokea michango ya karibu dola 2000 kwa mwaka. Desemba 2021 ilikuwa zamu ya Log4j, kipande cha programu za Java kinachotunzwa na watu wa kujitolea. Wakakesha kurekebisha huku wakitukanwa na watu ambao hawakuwahi kuwalipa hata franka moja. (DHIS2 pia imeandikwa kwa Java, kwa hiyo msifikiri tunazungumza mambo ya sayari nyingine.)

Na sasa kuna mzigo mpya. Daniel Stenberg wa Uswidi anatunza curl tangu miaka ya 1990; iko katika telefone, televisheni na magari. Toka mwanzo wa 2024 amekuwa akilalamika waziwazi juu ya ripoti za kasoro zinazoandikwa na akili bandia: ndefu, safi, zenye heshima, na za uongo mtupu. Mtu anaiambia mashine «nitafutie kasoro katika curl», ananakili jibu, anatuma. Stenberg na wenzake wanapoteza saa nzima kuhakikisha kwamba hakuna kitu. Nimewaona vijana wetu wanaofurahia njia hiyo, na nawaambia hapa: kutumia mashine ili ikutafsirie Kifaransa chako kwenda Kiingereza hakuna ubaya. Sema tu kwamba umetafsiriwa na mashine. Lakini kile unachokiripoti, ukione kwa macho yako mwenyewe.

Wazee wetu wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu, siku ambayo kila mkaaji alipaswa kutoka na jembe ao ufagio kusafisha mtaa. Programu huria ilizaliwa na mawazo yanayokaribia hayo, ila bila kulazimishwa: kila mtu alete mkono wake. Shida ni kwamba siku hizi anakuja mmoja na jembe, na wengine elfu wamesimama kwenye veranda wakimwambia kwamba mfereji haujanyooka.

Najua mtakachosema. Watu wa Ulaya wana mishahara, wana umeme saa 24, na sisi ndio tuwahurumie? Hoja hiyo ina ukweli wake, na sitaki kuipita haraka. Wahandisi wa Oslo wanalipwa. DHIS2 inategemea misaada ya serikali ya Norwei na mashirika makubwa ya afya. Wao si kama Collin. Lakini hata nyumba yao imejengwa juu ya matofali yaliyofyatuliwa na watu kama Collin. Na uchunguzi wa kampuni ya Tidelift wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba karibu watunzaji 60 kwa 100 hawalipwi chochote kwa kazi yao, na kwamba hesabu kama hiyohiyo wameacha ao wamefikiri kuacha. Huruma naweza kuiweka pembeni. Nauliza swali la faida yetu tu: siku mmoja wao anaacha, nani atakayejua wa mwisho? Ni sisi. Kampuni ya Marekani ina wahandisi wa kushika kazi kesho yake. Zoni ya afya ya hapa haina.

Halafu, mtunzaji aliyechoka haishi Ulaya pekee. Tutoke Ufini, turudi nyumbani.

Katika kila parokia, kila shule ya sekondari, kila shirika dogo la mji huu kuna kijana mmoja «anayejua kompyuta». Yeye ndiye aliyeweka Linux kwenye mashine za zamani zilizotoka kama zawadi, yeye ndiye anayetengeneza fomu za KoboToolbox wakati shirika linataka kuhesabu watoto wasiosoma, yeye anafungua akaunti zilizojifunga, yeye anaokoa mafaili yaliyokufa pamoja na diski. Mtandao wa WhatsApp unalia saa nne za usiku: «Mudogo, saidia, ripoti ni ya kesho.» Mama wa ofisi anamuita «mwanangu», papa mkurugenzi anamuita «fundi wetu», na majina hayo mazuri ndiyo mshahara. Mega anajinunulia. Usafiri wa moto anajilipia. Umeme ukikatika, anatafuta mahali penye grupu ili amalize kazi ya watu wengine. Akichelewa, anasemwa kwamba amekuwa na kiburi.

Huyo ni mtunzaji wa programu huria, hata kama hajawahi kujiita hivyo. Na mwisho wa habari yake sisi wote tunaujua. Siku moja anapata kazi Kolwezi ao Fungurume kwenye kampuni ya migodi, anapanda gari, na maneno ya siri yanapanda naye. Baada ya miezi mitatu hakuna anayeweza kufungua fomu za miaka yote, orodha ya watoto imefungwa, na watu wanasema kijana hana shukrani. Hakuna anayeuliza ni nani alikuwa msaidizi wake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumtafutia.

Nikisema tuboreshe mawasiliano, watu wanafikiri nasema tuongeze adabu. Adabu ni nzuri, lakini Jia Tan alikuwa na adabu kuliko wote. Kinachokosekana zaidi ni habari yenye kutumika.

Fuata ripoti moja. Kwenye kituo cha afya, muuguzi anajaribu kutuma hesabu za juma kwa telefone, telefone inakataa. Anamuambia mtu wa zoni: «Haitumike.» Mtu wa zoni anaandikia Divisheni ya afya ya mkoa, Lubumbashi: «Vituo havitumi.» Lubumbashi inaambia Kinshasa kwamba Likasi wana matatizo ya mtandao. Na Kinshasa, kama inafikisha neno kwa wataalamu wa nje, neno linalofika ni kwamba DHIS2 ni nzito kwa Kongo. Mhandisi aliye mwisho wa mnyororo hawezi kufanya lolote na maneno hayo. Anauliza maswali matano. Maswali yanarudi kwa njia ileile ya ngazi nne, na yanapofika kwenye kituo, mwezi umekwisha na muuguzi amerudia karatasi. Kila mmoja anaamini kwamba mwenzake ni mvivu.

Kuna hata neno moja dogo linalotucheza. Kwetu IT ni infirmier titulaire, mkubwa wa kituo cha afya. Kwa mtu anayezungumza Kiingereza, IT ni fundi wa kompyuta. Sasa ukiandika kwa Oslo ao kwa timu ya HISP ya Dar es Salaam kwamba «IT amejaribu mara tatu ikashindikana», msomaji anafikiri mtaalamu wa kompyuta ndiye aliyeshindwa, na anaanza kutafuta kasoro kubwa ndani ya seva. Kumbe ni mama muuguzi, mwenye wagonjwa 30 wanaomngoja nje, aliyejaribu kwa telefone yake mwenyewe yenye chaji kidogo. Ni habari mbili tofauti kabisa, na jibu lake ni tofauti.

Ripoti nzuri haihitaji Kiingereza cha chuo kikuu. Inahitaji kusema ulikuwa unafanya nini, ulingoja kuona nini, ukaona nini. Tarehe na saa. Aina ya telefone na namba ya toleo la aplikasio, ambayo iko kwenye ukurasa wa mipangilio. Kama mtandao ulikuwako ao hapana, na kama umeme ulikatika katikati ya kutuma. Picha ya ekra, ukiwa umefuta kwanza majina ya wagonjwa, na hili nalisisitiza juu nimeona picha zinazozunguka WhatsApp zikiwa na majina ya watu na magonjwa yao. Kisha useme kama inatokea kila mara ao ilitokea mara moja. Ujumbe wa mistari minane, kwa Kifaransa, unatosha. Maandishi mengi ya DHIS2 yenyewe yamekwisha kutafsiriwa kwa Kifaransa, na kundi la HISP la Afrika Magharibi na Kati lina makao yake Lomé, ambako Kifaransa ni lugha ya kazi. Hata saa hazitusumbui: Lomé wako nyuma yetu kwa saa mbili, na Oslo, wakati wa kiangazi chao, wana saa moja na sisi. Tukiandika saa tatu za asubuhi hapa Likasi, kule nao wanafungua ofisi.

Na tukiisha kuandika, turudi kusema kama dawa ilifaa. Jambo hilo halifanywi karibu kamwe. Mtunzaji anarekebisha, anatuma, kimya. Miezi miwili baadaye anasikia tu kelele ya kasoro nyingine. Neno «imekubali, asante» lina bei ndogo sana.

Lakini sitaki kuwafanya watunzaji malaika. Wao pia wana lugha yao inayofukuza watu. Mfano wa karibu ni ramani. Mwaka 2014 Médecins Sans Frontières pamoja na Misalaba Mwekundu ya Marekani na ya Uingereza na kundi la HOT walianzisha kazi ya Missing Maps, na Lubumbashi ilikuwa kati ya miji ya kwanza kabisa kuchorwa. Watu wa kujitolea waliokuwa London walichora paa na barabara kufuata picha za satelaiti. Watu wa Lubumbashi walitembea kwa miguu na karatasi wakiandika majina ya mitaa, kwa sababu satelaiti haijui jina la avenue. Ramani hiyo ya OpenStreetMap iko wazi mpaka leo, na ukifuatilia kipindupindu bila kujua mgonjwa ametoka mtaa gani, unafuatilia upepo.

Kuchora mara moja ni furaha. Kutunza ni mateso. Miji yetu inakua upande wa migodi, njia zinahama, visima vipya vinachimbwa. Kijana wa Likasi anayeingia kusahihisha mtaa wake anaweza kukosea, akaweka njia ya miguu kama barabara ya magari. Halafu mchoraji mwenye uzoefu, aliye mbali, anafuta kazi yake yote na kumuachia mstari mmoja mkavu wa Kiingereza. Yule mzoefu amechoka, ameona makosa kama hayo mara mia. Yule kijana ametumia mega zake za juma zima. Harudi tena. Kwa hiyo yule mzoefu anabaki peke yake na kazi nyingi zaidi, na anachoka zaidi. Angeandika mistari mitatu ya Kifaransa, angepata msaidizi wa miaka kumi.

Kuna waliojifunza. OpenMRS, programu ya mafaili ya wagonjwa ambayo ilianza 2004 na kukulia Eldoret, Kenya, kati ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, huwekea wageni kazi ndogo zilizopangwa pembeni, nyepesi makusudi, ili mtu ajifunze njia za nyumba bila kuvunja vyombo. Wageni wa leo ndio wanaopunguza mzigo wa kesho. Shirika la Django nalo toka 2014 linalipa mtu kwa ajili ya kazi ile ambayo hakuna anayeipenda: kusoma ripoti, kuzijibu, kuzipanga, kufunga zisizo na maana. Wengine wanabaki na kazi ya kubuni, ambayo ndiyo iliyowaleta.

Upande wa pili, angalieni Organic Maps, ramani ya telefone inayofanya kazi bila mtandao. Mwaka 2025 wachangiaji wake wengi waliandika barua ya wazi wakiuliza nani anaamua, na feza za michango zinakwenda wapi. Hawakuridhika na majibu, wakatoka, wakaanzisha CoMaps. Labda ni vizuri, labda ni hasara. Mimi naona nyumba mbili zenye watu wachache badala ya moja. Maswali ya feza na ya madaraka yakikaa miaka bila kujibiwa, watu wanachoka hata kama hakuna aliyewatukana.

Tumefika kwenye feza. Mwaka 2016 Nadia Eghbal aliandika ripoti kwa Ford Foundation akazilinganisha programu huria na barabara na madaraja. Sisi wa hapa tunaelewa ulinganifu huo bila mwalimu: kila anayekwenda Lubumbashi kwa gari analipa péage, na malori ya shaba na kobalti yanalipa zaidi, kwa sababu yanaharibu lami zaidi. Tunaweza kubishana juu ya namna feza hizo zinavyotumika, na tunabishana kweli, lakini hakuna anayesema barabara inajitunza yenyewe. Barabara za programu hazina péage. Kampuni zinazochimba, kuuza na kuhesabu madini yetu zinapita juu ya Linux, juu ya curl, juu ya XZ, uzito wote, bure.

Nisingetaka kuweka vizuizi juu ya programu. Uhuru wake ndio uliotufikishia. Lakini serikali zinaweza kulipa bila kufunga njia. Ujerumani ilianzisha mfuko wake wa Sovereign Tech Fund mwaka 2022, na unalipa watunzaji wa vitu kama curl. Hapa Kongo, kila mradi wa afya wenye DHIS2 una mstari wa magari, mstari wa semina za hoteli, mstari wa fulana. Mwaka 2025 Marekani ilipovunja USAID, miradi mingi ya afya ilibaki bila feza ghafla, na ndipo ilionekana ni watu wachache kiasi gani tuliokuwa tumewaandaa kutunza mifumo hiyo bila mradi. Mkoa wetu unapata redevance za migodi. Kumlipa mtu mmoja katika kila zoni ya afya, mwenye jina lake kwenye karatasi na msaidizi wake pembeni, ambaye kazi yake ni kupokea kasoro za vituo, kuziandika vizuri na kuzifikisha moja kwa moja, si mzigo wa kuangusha mkoa.

Mbele ya serikali kuamka, kuna mambo ambayo hayangoji mtu. Vijana wa kompyuta wa mji huu wanaweza kufanya likelemba ya mega, kila mwezi mmoja wao apate fungu la kutosha kufanya kazi ya wazi, kuchora ramani ao kutafsiri. Wanaweza kugawana zamu, ili telefone ya mmoja izimwe Jumapili bila mji kuanguka. Wajifunze kusema: «Jambo hili nitaliangalia Jumatano», na sisi tujifunze kungoja Jumatano. Shule na parokia ziandike maneno ya siri katika bahasha iliyofungwa, ikae kwenye sanduku la mkurugenzi, na ziweke mtu wa pili anayejifunza toka sasa, wakati wa kwanza yupo bado.

Na wale wanaosimamia bajeti: katika parokia na shule nyingi kuna mstari ulioandikwa «mafuta ya grupu». Chini yake pana nafasi ya kuandika mstari mwingine, wa mega na usafiri wa kijana wa kompyuta. Mwaka mpya wa masomo unaanza Septemba.